Ng'ombe wa Pembe Iliyopinda

Vijana wangu wa rangi na brashi, mmeniambia nikae chini niandike. Kukaa chini ndiko kunakonishinda. Tangu nianze ukurasa huu nimeinuka mara tatu: mara moja kufunga dirisha, mara moja kulifungua, na mara ya tatu nimesahau niliinukia nini. Mtu aliyemaliza miaka yake ya kazi juu ya ngazi, ukimpa kiti na meza anajiona yuko mahabusu.

Nimestaafu, lakini si kwa uzee. Nguvu ninazo za kumbeba mmoja wenu pamoja na ngazi yake. Kifua ndicho kilichokataa. Daktari wa hospitali ya Kitete alinisikiliza mgongoni, akaniambia nichague: tapentaini au pumzi. Nikachagua pumzi, lakini kwa shingo upande.

Mnijue kwanza, maana wengine mmenikuta tu. Mimi ni Hamisi, niliyeitwa Hamisi Rangi. Shule niliiacha darasa la nne, katikati ya hesabu za kugawanya, na sijawahi kurudi kuona jibu. Hata hivyo, miaka ile ukiingia Tabora kwa barabara yoyote, jina la kwanza kulisoma lilikuwa langu, kona ya chini ya kibao, upande wa kulia. Maduka, hoteli, vinyozi, mafundi cherehani, mabango ya sherehe za Saba Saba, yote mkono huu. Nyumba yangu ya Cheyo, vyumba sita, niliijenga kwa brashi. Sikuwa na mjomba serikalini wala cheti ukutani. Semeni mtakavyo, mtu huyo ni mimi.

Sasa juzi mmekuja kwangu mmenuna. Mmechora upya vibao vya choo cha sokoni, mmewaondoa yule mwanamume wa kofia na yule mwanamke wa kanga, mmeweka maumbo yenu mapya, safi, ya kisasa, na watu wamewatukana mpaka mama zenu. Mzee mmoja kaingia upande wa wanawake akatoka amevishwa ndoo kichwani. Mkaniambia, "Mzee Hamisi, watu wa mji huu hawajui kitu kizuri."

Nilicheka mbele yenu. Mlipoondoka sikucheka. Nilizunguka ua mpaka mke wangu akaniuliza nimepoteza nini.

Nilichopoteza ni hiki.

Fundi wangu alikuwa Mzee Feruzi, Mmanyema wa hapa mjini, mfupi, kofia ya kushonwa kwa mkono kichwani, tangawizi mdomoni kutwa. Na kazi yake, Mungu amrehemu, ilikuwa mbaya. Simsengenyi marehemu, nilimwambia akiwa hai. Wanyama wake wote walikuwa na miguu ya kigoda. Watu wake wote walikuwa na shingo moja, nadhani aliikopa kwa bata.

"Mzee," nilimwambia siku moja, tukiwa mbele ya hoteli aliyoichorea simba, "huyu simba wako anafanana na mbwa aliyenyeshewa."

"Nani kauliza?"

"Mimi naona tu."

"Mwenye hoteli anasema ni simba. Wateja wanaambiana twende Simba. Wewe na mbwa wako mtakula wapi?"

Basi hayo ndiyo yaliyokuwa mafunzo yake. Mengine nilijifunza kwa kuiba kwa macho: kwamba ukuta wa chokaa unaunywesha kwanza gundi nyepesi, la sivyo utakunywa rangi yako yote na kuomba nyingine; kwamba masizi ya chungu yakisagwa vizuri na mafuta ya kitani yanatoa weusi unaoshinda wa dukani; kwamba mnyama unamwanzia jicho, kwa sababu jicho likikaa vibaya hata mwili ukiwa wa malaika atafanana na mlevi. Na kwamba ukimaliza, unarudi nyuma hatua arobaini, unafinya macho mpaka karibu yafumbe, na kama bado unajua ni nini, shuka ngazi, kazi imekwisha. Hili la hatua arobaini lishikeni. Mimi nililishika. Ila sikujiuliza macho yanayofinywa ni ya nani.

Mzee Feruzi alikuwa na kisa chake kimoja alichokirudia mpaka nikakichukia. Babu yake alikuwa akitia alama mizigo ya wapagazi, enzi za misafara iliyotoka pwani ikapita hapa hapa kwetu kwenda Ujiji. Kila mzigo na alama yake: mwezi, samaki, mkono, jembe. Mpagazi akiamka alfajiri kambini Tura haangalii kamba wala mkeka, anatafuta samaki wake, anajitwika, anaondoka. Siku moja babu akaona alama zimechakaa. Akazifuta, akatia mpya, nadhifu zaidi, samaki ana magamba, mwezi una nyota. Asubuhi ile msafara haukutoka mpaka jua likawa kichwani. Watu walipigana. Kila mmoja alidai amepewa mzigo mzito wa mwenzake, na mizigo ilikuwa ile ile, uzito ule ule.

"Unanisikia lakini?" alikuwa akiniuliza.

"Nasikia, mzee."

Nilikuwa nasikia kama mnavyonisikia ninyi.

Sasa njooni kijijini. Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa, watu wamehamishwa kutoka mashamba yao yaliyotawanyika, wamepangwa kwa mistari. Kulikuwa na kijiji kimoja kupita Ziba, jina nitalibakiza moyoni. Majengo ya umma pale yalikuwa sita, yote ya urefu mmoja, chokaa moja, bati moja, milango ya kijani. Ukisimama katikati hujui duka ni lipi na zahanati ni ipi. Wasomaji walikuwa wachache, madarasa ya watu wazima ndiyo kwanza yanaanza. Kwa hiyo Mzee Feruzi alikuwa amewachorea picha ukutani, kando ya milango.

Picha zenyewe mkizisikia mtacheka. Mashine ya kusaga ilikuwa na kuku. Duka lilikuwa na mwavuli. Zahanati ilikuwa na ng'ombe mweupe, pembe moja imepinda ikaangukia sikioni.

Kwa nini? Kuku, kwa sababu kuku hujazana mashineni kula unga uliomwagika. Mwavuli, kwa sababu muuza duka wa kwanza aliuzia chini ya mwavuli kabla duka halijajengwa. Na ng'ombe, kwa sababu zamani, kabla ya kijiji, palikuwa na dresa mmoja aliyetibu watu huko porini, naye alikuwa na ng'ombe mweupe wa pembe iliyopinda, akiwanywesha maziwa watoto waliokonda. Dresa alikwisha hamishwa, ng'ombe alikwisha kufa, nyumba ilikwisha anguka. Zahanati ikajengwa upya mahali pengine, ikaja na nesi mwingine, lakini ng'ombe alihamia nayo mlangoni. Na watu hawakusema wanakwenda zahanati. Walisema, "Nakwenda kwa ng'ombe."

Picha zikafifia kwa mvua. Wakubwa wa wilaya wakawa wanatarajiwa kukitembelea kijiji. Mwenyekiti, Ndugu Masanja, akamwandikia Mzee Feruzi. Mzee miguu imevimba, akanituma mimi.

"Unazirudia zile zile," akaniambia. "Usibadili hata ukwato."

"Hata ukwato," nikasema.

Nikapanda lori na makopo yangu, kichwani nimeshabadili kila kitu.

Mnanielewa lakini, si ndiyo? Nilikuwa na miaka ishirini na minne, mkono wangu unaweza kuchora nywele za kope, halafu nirudie miguu ya kigoda? Nilipofika nikamwambia mwenyekiti, "Ndugu Masanja, kijiji cha kisasa na kuku mlangoni, wageni watasemaje?" Alikuwa mtu mwema, mwenye haraka, miwani imefungwa uzi. Akasema, "Fundi, hapo umenena. Tupe kitu cha maendeleo."

Nikawapa maendeleo. Mashine nikaichorea gurudumu la meno, lile la ndani ya mitambo. Duka nikalichorea mizani. Zahanati nikaichorea nyoka aliyejizungusha kwenye fimbo, kama nilivyomwona kwenye sanduku la dawa mjini, na duniani kote, nikaambiwa, huyo ndiye alama ya tiba. Na kwa kuwa rangi nyeupe nilikuwa nayo na ng'ombe nilimpenda, nikampeleka mahali panapomstahili: stoo ya dawa za mifugo, mwisho wa kijiji. Ng'ombe wa kweli, pembe mbili, nundu, chuchu nne. Ungeweza kumkamua. Chini nikaandika jina langu.

Nikarudi hatua arobaini, nikafinya macho. Yote yalisomeka. Mwenyekiti alipiga makofi peke yake.

Lori la kunirudisha lilikuwa la wiki inayofuata, kwa hiyo nilibaki pale nikisubiri sifa. Siku ya kwanza watu wawili walileta baiskeli mashineni wakitaka zizibwe pancha. Msagaji akanitazama, sikumtazama. Siku ya pili mama mmoja alizunguka majengo yote sita na debe la mahindi kichwani, akarudi nalo nyumbani. Nikajiambia watazoea. Nilitembea huku na huku kijijini, nikiwaonyesha watu kwa kidole: hili duka, hii mashine. Walinijibu kwa adabu, "Ndiyo, baba," halafu wakamuuliza wa nyuma yangu.

Siku ya tatu ikaja sindano ya surua.

Surua, vijana, ninyi mnaisikia kama hadithi. Kijiji cha jirani kilikuwa kimezika watoto wiki hiyo hiyo. Nesi Perpetua wa zahanati ile, mwanamke mnene, mkali, Mkatoliki wa rozari mfukoni, alikuwa amefuata dawa mjini; asubuhi gari likamshusha pamoja na sanduku la barafu. Gari likaendelea vijiji vya mbele. Akanionyesha ndani ya sanduku: vichupa vidogo kama vya manukato, vimelala kwenye vipande vya barafu.

"Barafu hii inanifikisha saa nane," alisema. "Ikiisha, hii dawa ni maji. Nyingine mpaka mwezi ujao. Na surua haisubiri mwezi ujao."

Saa mbili hakuna mtu. Saa tatu hakuna mtu. Alikuja mmoja tu, mzee wa wayeye, chama cha wale wanaocheza na nyoka ngomani na kuwatibu waliogongwa nao. Alikuja na kibuyu chake, akasimama mbele ya mlango wa zahanati, akamchunguza nyoka kichwa mpaka mkia.

"Shikamoo, mzee," akasema nesi.

"Marahaba. Nani kakuingiza?"

"Kuniingiza wapi?"

"Kwetu. Umeweka nyoka mlangoni. Nani kakuingiza, na ulitoa nini?" Akanigeukia mimi. "Na huyu ni nyoka gani? Koboko siye. Chatu siye. Swila siye. Nyoka asiye na jina mnamweka mlangoni?"

Nilitoka nikaenda mbio, sijui ninakwenda wapi, na nilipofika mwisho wa kijiji nikawaona.

Walikuwa wamekaa chini mbele ya stoo ya mifugo. Wanawake wengi, watoto migongoni, watoto mapajani, wamepanga foleni nzuri iliyonyooka, wametulia. Wengine walitembea tangu alfajiri kutoka mashamba ya mbali. Bwana mifugo alikuwa amesimama mlangoni na bomba lake la sindano ya ng'ombe, kubwa kama pampu ya baiskeli, hajui aliweke wapi.

"Fundi," akaniambia kwa sauti ndogo, "wameniambia wamekuja kuchomwa. Mimi nifanye nini?"

Mgambo aliyepita mashambani jana yake alikuwa amewatangazia vizuri kabisa: kesho sindano, wote kwa ng'ombe. Naye hakukosea. Na wao hawakukosea. Walikuja kwa ng'ombe.

Nikawaambia, "Mama zangu, sindano siyo hapa. Zahanati ni ile kule, yenye nyoka."

Bibi mmoja wa mbele, kitambaa cheusi kichwani, mjukuu wa kike mapajani, akaniuliza taratibu, "Yenye nini?"

Huyo alikuwa Mayu Kabula. Kijiji kizima walimwita hivyo, mayu, mama. Nilikuja kuambiwa baadaye kwamba surua ilishamchukulia wajukuu wawili, na huyu wa mapajani ndiye aliyebaki kwa mwanawe. Alikuwa amemleta kwa miguu kutoka mbali kuliko wote, ndiyo maana alikuwa wa mbele.

"Nyoka, mayu. Lakini ni picha tu."

"Na huyu ng'ombe ni nini?"

"Picha."

"Basi mimi nimekaa kwenye picha yangu."

Nikawahi kumwita mwenyekiti. Ndugu Masanja akaja, akafuta miwani, akasimama mbele yao kama yuko mkutanoni. "Ndugu wananchi! Nyoka ni alama ya tiba dunia nzima!"

"Dunia nzima ikachanjwe mle," akasema Mayu Kabula. Wanawake wakaangua kicheko. Lakini kicheko kilipokwisha, alisema jingine bila kucheka. "Nyumba ya nyoka ni ya wayeye. Asiyeingizwa haingii. Mtoto wangu akichomwa mle ndani, atakuwa wa nani?"

"Mayu, mle yumo nesi yule yule!"

"Nesi nilimwacha kwa ng'ombe."

Mwenyekiti akakosa subira, akasema ataita mgambo wawasogeze. Mtasema ni akili gani hiyo, lakini alikuwa anaona saa yake. Kusikia mgambo, wanawake wa nyuma wakaanza kufunga watoto migongoni. Mmoja akaondoka. Wawili. Wakafika kumi na mmoja. Walikwenda zao kimya, bila hata kutugombeza, na hiyo ndiyo iliyonitia hofu.

Nikarudi mbio zahanati. Nesi Perpetua alikuwa amekaa juu ya sanduku lake, kama kuku anayeatamia.

"Wako wapi?"

Nikamweleza. Alinitazama mpaka nikatamani ukuta unimeze.

"Nawaita waje huku barazani," nikasema. "Au tupeleke sanduku kule."

"Kule kwenye dawa ya kupe na kinyesi cha ng'ombe nichome watoto? Maji yangu yanachemka hapa, mabomba yangu yako hapa." Akafungua kifuniko kidogo, akafunga. "Wewe si ndiye mchoraji? Kunywa maji, upande ngazi."

Saa tano na nusu. Nyeupe yangu yote ilikuwa imekwisha kwa yule ng'ombe wa mifugo, jinsi nilivyomnenepesha. Nikachukua ndoo ya chokaa, nikamfunika nyoka bila hata kumuaga. Chokaa haijakauka, nikachukua mkaa nikamwanzia ng'ombe jicho. Jua linapiga mgongoni, mkono unakimbia wenyewe. Robo saa, ng'ombe amesimama: nundu, shingo, pembe mbili kama mwezi. Nikamtuma mwenyekiti akawaite waje waone.

Mayu Kabula akaja na wenzake kumi hivi. Akasimama. Akainamisha kichwa.

"Huyu ni yule wa bwana mifugo."

"Mayu, ni ng'ombe!"

"Ng'ombe naona. Siyo wetu."

"Wenu alikuwaje?"

Ah, hapo ndipo waliponimwagikia, wote kwa pamoja. Pembe moja ipinde! Iangukie sikioni! Jicho kubwa, la mviringo, kama kifungo cha koti! Mkia mfupi! Tumbo liguse chini! Miguu kama, mama mmoja akatafuta neno, miguu kama kigoda!

Nikafuta. Nikajaribu kupinda pembe. Ikapinda kwa madaha, kama ya swala. "Hapana." Nikafanya jicho la mviringo, likatoka lina huruma. "Hapana, yule alikuwa ametumbua." Mkono huu, vijana, mkono uliojenga nyumba ya vyumba sita, ulishindwa kuchora vibaya. Ndani nilimsikia nesi akifungua kifuniko na kukifunga.

Nikahamishia mkaa mkono wa kushoto.

Sijui nani alinipa wazo hilo. Mkono wa kushoto haukuwa na shule hata ile yangu ya darasa la nne. Ukachora shingo ya bata. Ukachora miguu minne ya kigoda. Pembe ikaanguka sikioni kama kitambaa kilicholowa. Na kwa kuwa chokaa ilikuwa mbichi, nilipopitisha masizi tumboni tone moja likateremka, likatengeneza mchirizi mrefu chini ya tumbo. Nikataka kuufuta.

"Acha!" Mayu Kabula akasogea, mjukuu begani. Akaweka kiganja ukutani, kikatoka kimejaa chokaa. Akamtazama yule kiumbe wangu mbaya kwa muda, kama mtu anayemtambua ndugu aliyetoka safari.

"Karudi," akasema. Akavua ndala, akaingia ndani.

Nikashuka, nikakaa kwenye ngazi ya chini. Wengine wakamfuata, halafu waliobaki stoo ya mifugo wakaja, foleni ile ile, mpangilio ule ule. Nikasikia mtoto wa kwanza analia, na sijawahi kusikia kilio kitamu namna ile. Saa nane kasoro Nesi Perpetua alichoma wa mwisho. Akaniita nione sanduku. Barafu iliyobaki ilikuwa kama ukucha wangu wa kidole gumba. Akaichukua, akaitia mdomoni, akasema, "Ondoka mbele yangu, Hamisi," lakini alisema akitabasamu.

Natamani kisa kiishie hapo. Wanaojisifu kama mimi huishia hapo.

Kuna wale walioondoka. Foleni ikiendelea, niliazima baiskeli ya bwana mifugo nikawafuata njia zote, nikiita kama mwendawazimu kwenye mashamba ya watu. Nilirudisha wanane kabla barafu haijaisha. Watatu sikuwapata. Lori langu lilipokuja nilimwambia dereva atangulie, mimi nikabaki na makopo yangu. Nilibaki mwezi mzima, nikirudisha kuku mashineni na mwavuli dukani, na kila asubuhi nikienda mpaka mwisho wa mashamba na kurudi. Siku sindano ilipokuja tena, wawili kati ya wale watatu walikuja na watoto wao wazima. Wa tatu alikuwa amehamia kwa wazazi wake, upande wa Nzega, na hakuna aliyejua kijiji. Mpaka leo sijui. Mkiniona nazunguka ua, nazungukia hapo.

Nilipofika mjini nikamweleza Mzee Feruzi yote, nimepiga magoti. Alitafuna tangawizi mpaka mwisho.

"Pembe uliipinda upande gani?"

"Kulia, mzee."

"Kulia kwako, au kulia kwa ng'ombe?"

Nikafikiri. "Kwa ng'ombe."

"Haya," akasema. "Inuka."

Kwa hiyo vijana, na vibao vyenu vya choo. Sisemi msibadili kitu. Mimi mwenyewe nilibadili nusu ya mji huu na mtu hakuning'oa jino. Ila kabla hujafuta, kaa pale siku nzima bila brashi. Uliza watu wanapaitaje. Ukisikia wanapaita kwa jina la picha, ujue hiyo picha siyo yako tena, hata kama ulilipwa kuichora. Ukilazimika kuibadili, iache ile ya zamani pembeni ya mpya, msimu mzima wa kilimo, mpaka wa mbali wapite waione. Na usiipeleke ile ya zamani kwenye mlango mwingine. Hilo la mwisho linauma kuliko yote.

Mwaka jana nilipita kijiji kile. Zahanati imepanuliwa, ina herufi kubwa juu ya mlango, kazi ya mtu mwingine, herufi nzuri kidogo, siyo kama zangu. Wengi pale sasa wanasoma. Na pembeni ya mlango yupo ng'ombe, amechorwa upya na huyo huyo fundi mpya, kwa rangi ya mafuta. Pembe imepinda, jicho limetumbua. Nikasogea. Chini ya tumbo amechora, kwa uangalifu mkubwa, kwa brashi nyembamba kabisa, ule mchirizi wangu.

Nilisahau kifua, nikainama nianze kuukwangua kwa ukucha.

"Baba, acha!" Ilikuwa sauti ya mama kijana aliyekaa barazani, mtoto ananyonya. "Hayo ndiyo maziwa yake."

Nikaondoa mkono. Nikarudi nyuma hatua arobaini, nikafinya macho. Jina langu halimo pale, kona ya kulia ni tupu. Lakini mchirizi ule, vijana, mtu akiwauliza, ni wangu.